Re: Nianze na sarufi ama tamathali?
Dadangu, umesema mtihani wa ualimu umebaki wiki tatu na hujui uanze na sarufi ya Kiingereza ama tamathali za usemi. Anza na sarufi wallahi, huko ndiko maksi zinapotea bure. Ukiona "each of the boys" usidanganywe na hao boys, kitenzi kinakubaliana na each, ambayo ni umoja, kwa hivyo ni "is", lakini "neither the teacher nor the pupils" kitenzi kinamfuata aliye karibu nacho, hapo ni "are". Hiyo ilinitoa jasho, nilikuwa nairudia kwa feri ya Likoni asubuhi watu waniangalia naongea peke yangu 😂

Tamathali nyingi ushazijua kwa Kiswahili, tashbihi, istiari, tashihisi, ni zile zile. Inayochanganya watu ni metonimi (kuita kitu kwa jina la kingine kinachohusiana nacho) na sinekdoki (kutaja sehemu kumaanisha kizima, ama kinyume chake). "The crown" kumaanisha mfalme ni metonimi, taji si kiungo chake, ila "all hands" kuita mabaharia ni sinekdoki maana mkono ni sehemu ya mtu mwenyewe.

Kama uko Kisauni niambie, Jumamosi tufanye maswali pamoja.