Kuhusu vikombe vya Meza ya Bwana

Mwanangu,

Umeniuliza kama uhame kanisa, kwa kuwa wamekutoa kwenye uongozi wa kwaya wakakupa kuandaa Meza ya Bwana, tena bila hata asante. Nitafika huko. Kwanza hiyo kazi yenyewe, maana kwenye barua yako umeiita "kuosha vyombo".

Vikombe vioshwe ibada ikiisha tu. Divai ikikaukia chini huacha duara jekundu lisilotoka kirahisi. Tumia maji ya vuguvugu. Yanayochemka hupasua vile vya kioo. Sabuni ni tone tu, na usuuze mara tatu, kwa sababu harufu yake ikibaki mshirika ataionja saa anayopaswa kumkumbuka Bwana. Vipindue juu ya kitambaa cheupe vikauke kabisa. Ukivirudisha kwenye trei na kuvifunika vikiwa na majimaji, vinavunda. Kujaza, theluthi mbili inatosha. Trei hupita mikononi mwa wazee wanaotetemeka, na doa la divai kwenye kitambaa cha meza lisiposuuzwa mapema kwa maji baridi hutoka kwa shida. Zidisha vikombe kumi juu ya watu unaowatarajia, na utenge vya wagonjwa ambao mchungaji atawafuata nyumbani. Kisha funika mapema. Unawajua wale wadudu wa ziwani, wanavyoinuka kama moshi na kuingia madirishani.

Bibi yako aliifanya kazi hii hapa Kirumba mpaka magoti yakamkatalia. Sikukuu moja ya mavuno yakasomwa majina ya waliotumika mwaka ule, hadi ya waliochangia viti. Lake halikuwamo. Alipiga makofi kwa kila jina, kisha akainuka kwenda kukusanya trei. Mimi inaniuma hadi leo, sikufichi. Yeye alisema lile neno lake mnalolijua wote: aliyelipiwa hadai.

Soma Luka 17. Mtumwa anatoka shambani, anamwandalia bwana wake chakula, hashukuriwi, naye anatakiwa kusema amefanya tu yaliyompasa. Mara baada ya hapo wakoma kumi wanatakaswa, Msamaria mmoja anarudi kushukuru, na Yesu anauliza wale tisa wako wapi. Yaani asiyeshukuru anaonekana. Lakini mbona Paulo kwenye Warumi 16 anawataja kwa majina Fibi, Mariamu, Trifaina na Trifosa, pamoja na taabu yao? Basi kanisa linapaswa kushukuru, na wazee wa kanisa walioliacha jina la bibi yako walikosea, nasema wazi. Wenu pia wamekosea. Hapo nakwama kidogo, maana nikiishia hapo nitakuwa nimekupa ruhusa ya kununa. Kosa lao ni lao. Wewe hukuanza kuimba ili wakulipe. Uliimba kwa sababu Kristo alikwisha kukulipia. Aliyelipiwa hadai.

Kuhama au kubaki, sisemi, ingawa ulimi unaniwasha. Umeshakuwa mtu mzima. Ila kama ni kuondoka, usiondoke Jumapili ya Meza. Vikombe vikilala na divai mpaka Jumatatu, atakayevikuta si mzee wa kanisa aliyekutoa kwenye kwaya. Ni yule binti unayeshika naye zamu.

Mama yako