Mjomba Rimoti anajibu: Mdomo unacheza, sauti iko wapi?

Wiki hii barua nyingi ni za taarifa ya habari na wale vijana wanaoigiza wakubwa kwenye TV. Nimechukua nne, waliobaki mtanisamehe, kuna mmoja kaniandikia kurasa sita kuhusu king'amuzi chake kilichoingia maji, ndugu yangu mimi sio fundi.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Kwetu ikifika saa mbili usiku ni ugomvi. Baba watoto anataka taarifa ya habari, watu wote kimya kama tuko msibani, mi nikisema wale wa vichekesho wanaoigiza wabunge nawaelewa zaidi ananiambia nina akili za kitoto. Nani yuko sahihi? – Mama Watatu, Tandika

JIBU: Marahaba mama. Mumeo hana kosa kutaka kimya ila taarifa ya habari haisikilizwi tu, inatazamwa midomo. Ngoja nikupe kisa.

Zamani nilikuwa nakata picha kwenye kituo kimoja, jina tuliache maana kuna rafiki zangu bado wanapata ugali pale. Siku hiyo ikaja stori ya mheshimiwa kazindua tangi la maji. Bomba linafunguliwa, mheshimiwa ananawa mikono, makofi, halafu anaongea mwenyewe kwa sauti yake sentensi tatu nzima, hiyo sisi tunaita baiti. Nyuma yake kuna mama kashika ndoo ya njano, anaongea mpaka mishipa ya shingo imesimama, na mi kwenye mashine nimevaa hedifoni namsikia vizuri kabisa, anasema hilo bomba limefunguliwa asubuhi hii na mkiondoka linafungwa mpaka aje mgeni mwingine. Bosi akasimama nyuma ya kiti changu akatazama weee, akasema huyo mama picha yake nzuri sana, muweke, ila laza sauti ya mtangazaji juu yake. Basi nikalaza, nifanyeje na mimi nina kodi ya nyumba. Usiku nchi nzima ikamwona yule mama mdomo unacheza huku mtangazaji anasema wananchi wameupokea mradi kwa furaha.

Sasa niambie uongo uko wapi hapo ukitaka kumpeleka mtu mahakamani? Tangi lipo, mheshimiwa alinawa kweli, mama alikuwepo kweli. Ndo maana huwa nawaambia watu upendeleo wa habari usiutafute kwenye maneno tu, tafuta nani kapewa sauti yake mwenyewe na nani kasemewa. Na kwenye maneno nako kuna kamchezo, sikiliza vizuri utakagundua, mkubwa akiongea "amebainisha", "amesisitiza", "amefafanua", mpinzani akiongea jambo lilelile "amedai". Neno moja tu hilo limeshamfanya muongo kabla hujasikia alichosema. Bahasha za nauli wanazopewa waandishi sizungumzii leo, tutakesha.

Vijana wa vichekesho wao wangefanyaje? Wangemvalisha mmoja suti inayopwaya, afungue bomba, litoe hewa fyuuuu, na yeye anawe hivohivo huku anashukuru. Nusu dakika umeelewa alichotaka kusema mama wa ndoo, kwa hiyo hapo umempiga bao mumeo. Ila usishangilie sana mama, maana kichekesho hakitakwambia tangi liligharimu shilingi ngapi, nani kapewa tenda, na mtaa wa pili maji wanapata au hawapati. Hiyo inatakiwa taarifa ya habari, na ikishindwa kukupa usidhani umeipata kwa sababu umecheka.

SWALI: Mjomba vipi, mimi nimekua nikiangalia XYZ na nilikuwa naipenda sana, lakini shemeji yangu asema ile ilikuwa propaganda ya wazungu, ati ilikuwa na upande. Ni kweli? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Shemeji yako ana chembe ya ukweli ila kaipika mpaka imeungua.

Kwanza tuwakumbushe wasioijua. The XYZ Show ilianza 2009 kwenye Citizen TV, vikaragosi vya mpira vyenye sura za Kibaki, Raila na wakubwa wengine, na nyuma yake alikuwa mchora katuni Gado, ambaye ni mtoto wa Dar es Salaam huyo, kaenda Nairobi mwaka 1992 kuchora kwenye gazeti la Nation. Wazo lilitoka Ufaransa, kule kulikuwa na kipindi cha vikaragosi cha Les Guignols, na hela za wafadhili wa nje zilikuwepo, hilo halikufichwa. Lakini Wakenya hawakungoja mfadhili awafundishe kucheka mkubwa. Miaka kumi nyuma kulikuwa na kundi la vichekesho la Redykyulass, vijana watatu tu hawana kikaragosi wala nini, mmoja wao Nyambane anaingia kwa sauti ya Rais Moi na Moi mwenyewe bado yuko Ikulu. Hebu fikiria hiyo. Watu waliozoea televisheni ya serikali ambayo kila jioni habari ya kwanza ni Mtukufu Rais leo kafanya hiki, kesho Mtukufu Rais kafanya kile, halafu ghafla sauti ileile inatoka kwenye mdomo wa kijana na inasema upuuzi. Mi nakwambia kuna watu walizima TV kwa woga. (Mmoja wa wale watatu, KJ, mwaka 2017 akachaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini, kwa hiyo wanaoigiza wakubwa nao msiwaamini sana.)

Turudi kwa shemeji. Upande XYZ ilikuwa nao, ila sio anaousema. Ukitazama muundo wake ilikuwa taarifa ya habari ya kuigiza, mtangazaji wao kikaragosi akiitwa Keff Joinange, hapo anachekwa mtangazaji wa TV Jeff Koinange, na kama ilivyo taarifa ya habari yenyewe wenye midomo walikuwa wakubwa tu. Kikaragosi ni kazi na ni pesa, huwezi kumtengenezea mama muuza mahamri wa Likoni, unamtengenezea rais na mawaziri. Kwa hiyo wiki hadi wiki nchi nzima inaonekana ni ugomvi wa wanaume kumi na tano Nairobi. Mpwani anatokea wapi humo? Huo ndo upande ningeulalamikia mimi kama ningekuwa shemeji yako.

SWALI: Mjomba, mi ni mwanafunzi chuo Dodoma. Kwa nini wenzetu wanachora na kuigiza marais wao, sisi mchekeshaji Idris Sultan akacheka tu picha akaishia polisi? – Mwanachuo

JIBU: Mwanangu hiyo kesi mi naipenda, kwa maana mbaya. Oktoba 2019 Idris aliweka picha kabadilishana sura na Magufuli, akaitwa polisi. Mei 2020 akaweka video anaicheka picha ya zamani ya rais akiwa kwenye suti inayompwaya, hajasema chochote cha maana, anacheka tu, akakamatwa. Sasa angalia kilichofika mahakamani, ni mambo ya laini ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake. Kicheko hakikutajwa.

Rudi nyuma Januari 2015. Gado kachora katuni ya Kikwete, rais wetu wakati huo, kwenye The EastAfrican, muda sio mrefu gazeti likazuiwa kuingia Tanzania, watu wengi wakasema ni ile katuni, lakini sababu iliyoandikwa ni kwamba gazeti halijasajiliwa nchini, gazeti ambalo tulikuwa tunalisoma miaka kama ishirini! Umeona mchezo? Hakuna sehemu utakuta imeandikwa marufuku kucheka. Imeandikwa sajili.

Na nyinyi wa Dodoma mna la kwenu. Januari 2016 Nape Nnauye, waziri wa habari wakati huo, alisimama bungeni kutangaza televisheni ya taifa, TBC, haitaonyesha tena Bunge moja kwa moja mchana kutwa, gharama zimezidi, zaidi ya bilioni 4 kwa mwaka, badala yake usiku kutakuwa na Leo katika Bunge. Wapinzani wakagoma kukaa, polisi wakaingia ukumbini. Mi niliyekaa kwenye mashine ya kukatia picha nilijua hapohapo maana yake. Bunge likienda laivu mama wa ndoo anasikika, bosi hana muda wa kuja kusimama nyuma ya kiti. Likienda la kurekodi, kiti kipo na bosi yupo. Sisemi walikata vibaya, sikuwepo kwenye chumba chao, nasema tu kwamba siku ile aliwekwa mtu katikati. Na Wakenya msitucheke, Januari 30 mwaka 2018 Raila anajiapisha Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi", serikali yenu ikazima Citizen, NTV na KTN kwa mpigo, KBC ya serikali ikabaki inapeta hewani, kwa siku kadhaa. Afadhali sisi tulikatwa vipande.

SWALI: Mjomba, mimi ni mume wa mama mmoja wa Tandika, nimeona kwenye simu yake kuwa kakuandikia. Naomba umweleze kuwa hivyo vichekesho vyake navyo vina upendeleo, kila siku wanamcheka yuleyule. – Baba Watatu

JIBU: Ha! Baba nimefurahi. Ni kweli vina upendeleo na mimi nimeshasema hapo juu kwa msomaji wa Mombasa, ingawa mchekeshaji kumcheka mwenye kiti ni kazi yake, akianza kumcheka asiye na kiti huyo sio mchekeshaji tena, ni afisa habari. Ila mimi na wewe tuna la kufanya. Leo saa mbili kaa na rimoti yako, na karatasi ukitaka. Kila anayetokea kwenye habari andika kaongea mwenyewe au kasemewa. Usiandike chama chake wala cheo chake, hiyo utaijua ukimaliza. Mkeo afanye hivohivo kwenye vichekesho vyake, halafu mbadilishane karatasi.

Na simu ya mke wako usiipekue tena.