Pumzi 20 kwa Kila Kitanda: kwa muuguzi anayeanza kutathmini wanafunzi

Siku utakapokabidhiwa wanafunzi kwa mara ya kwanza, kabla hujagusa fomu ya tathmini, chukua chati zote za wodi usome safu ya pumzi peke yake. Mimi hufanya hivyo kila Jumatatu asubuhi, wodi ya watoto, hapa Kisumu. Kitanda cha kwanza 20. Cha pili 20. Cha saba pia 20, na huyo wa saba ni mtoto wa miezi minane mwenye nimonia, mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, hata mama wa kitanda jirani anaona kwamba hali si nzuri. Aliyeandika hakuhesabu.

Sasa mwite pembeni umuulize. Atakueleza bila kukwama kwamba pumzi huhesabiwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia, kwamba wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 anapumua haraka, na aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajafika mitano kipimo chake ni 40. Anajua yote hayo, ila hakuyafanya. (Na tusijidanganye: hiyo 20 wamejifunza kwetu. Wameona chati za zamu ya usiku.)

George Miller, mwalimu wa walimu wa udaktari kule Marekani, mwaka 1990 aliyapanga mambo haya kama piramidi: chini kabisa mtu anajua, juu yake anajua namna, kisha anaweza kuonyesha, na kileleni anafanya kweli kazini. Darasa hupima ngazi za chini. Ule mtihani wa vituo, ambao Ronald Harden na wenzake waliueleza kutoka Dundee, Scotland, mwaka 1975, hupima kuonyesha: kengele inalia, unaingia, unafanya mbele ya mtahini, kengele inalia, unatoka. Kileleni hakuna anayefika isipokuwa wewe uliye naye wodini saa kumi alfajiri. Kwa hiyo usipoteze wiki zako ukirudia mtihani ambao chuo kimeshaufanya. Kumwuliza mwanafunzi maswali ya kitabu kando ya kitanda ni rahisi, na kunatupa raha ya kuonekana tunajua, lakini hakukuambii mikono yake ikoje.

Siku ya kwanza kaa naye dakika kumi. Yuko mwaka wa ngapi, ametoka wodi gani, nini hajawahi kufanya kabisa, nini anaogopa. Swali la mwisho ndilo lenye faida. Mkubaliane pia neno la kusimamisha kazi. Mimi husema "ngoja kidogo", na mwanafunzi anajua tangu Jumatatu kwamba akisikia hivyo mkono unasimama hapo hapo bila mjadala, na kwamba mama mwenye mtoto hatajua kama kulikuwa na kosa. Bila neno hilo utajikuta unanyang'anya bomba la sindano mbele ya mzazi, na baada ya hapo mzazi hatamruhusu mwanafunzi yeyote kumgusa mtoto wake.

Nikueleze tukio moja, maana tathmini nzima imo ndani yake. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, malaria kali, mtoto wa kilo 10. Katika ukanda huu wa ziwa hilo ni jambo la kila siku. Dawa ni artesuneti ya mshipani, na chini ya kilo 20 tunampa mtoto miligramu 3 kwa kila kilo. Akapiga hesabu haraka: miligramu 30. Sawa. Akanawa mikono, akapanga toroli, akamsalimia mama na kumweleza anachotaka kufanya. Fomu yangu ilikuwa inajaa alama za ndiyo. Kisha akanyoosha mkono akachukua maji ya sindano.

Seftriaksoni ya mshipani, ile dawa ya kuua bakteria, tumezoea kuikoroga kwa maji hayo. Artesuneti hapana. Kichupa cha miligramu 60 kinaanza na mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nacho kwenye boksi, unatikisa mpaka kiwe angavu, ndipo unaongeza mililita 5 za salaini, upate miligramu 10 katika kila mililita. Mtoto wetu angehitaji mililita 3, zichomwe polepole, na dawa iliyokorogwa haipaswi kukaa zaidi ya saa moja.

Sikusema "ngoja kidogo", kwa sababu kichupa kilikuwa bado hakijafunguliwa na mtoto hakuwa hatarini. Niliuliza tu, "Hayo ni ya nini?" Akasimama. Akaangalia mkono wake mwenyewe, akafungua boksi, akasoma karatasi, akarudisha maji. Kuanzia hapo hakukosea.

Amefaulu au amefeli? Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ningemwekea tiki, kwa kuwa mwishowe dawa iliingia sawasawa. Leo naandika hivi: "Alichukua maji ya sindano, alipoulizwa alisoma maelezo akajirekebisha. Anahitaji kusimamiwa." Aliyejirekebisha kwa sababu nilikuwepo si sawa na anayejirekebisha akiwa peke yake. Pia si sawa na yule ambaye ukimwuliza "hayo ni ya nini?" anakujibu kwa ujasiri, "Ya kukorogea, sista," na kuendelea. Huyo wa mwisho ndiye ananinyima usingizi, kwa sababu kosa la mkono hurekebishwa kwa mazoezi lakini yeye hana breki. Siku ya tatu nilimpa yule wa kwanza mtoto mwingine, nikasimama mlangoni nikijifanya nahesabu shuka. Akatoa boksi, akasoma karatasi kwanza. Siku hiyo ndipo nilipotia saini.

Ndiyo maana nakuambia uangalie kitu kimoja zaidi ya mara moja, tena siku tofauti, na angalau mara moja akiwa hajui unamwangalia. Na ubebe daftari dogo mfukoni. Andika tarehe, kitanda, ulichoona. Usiandike "mzuri" wala "mvivu". Jioni hutakumbuka, na baada ya wiki nne utakachokumbuka ni kama alikuwa anakusalimia.

Hilo la salamu si mzaha. Tangu 1920 Edward Thorndike alishaonyesha kwamba mkubwa akipenda sifa moja ya mtu humpandishia na nyingine zote. Kwetu sifa hiyo mara nyingi ni Kiingereza. Mwanafunzi anayetoa ripoti ya kukabidhiana zamu kwa Kiingereza kilichonyooka tunampa alama hata za mambo ambayo hatukumwona akiyafanya. Yule mkimya anayefunga kidonda kwa usafi ambao ungetamani kumwonyesha mkuu wa hospitali tunamwandikia "hajiamini".

Lugha inatutega kwa njia nyingine pia. Wanafunzi wanaletwa huku kutoka pande zote za nchi. Wa kutoka Kitui anafika hajui hata "oyawore", salamu ya asubuhi kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo wa hapa. Mwaka juzi bibi mmoja kutoka Seme, aliyekuwa akimlea mjukuu, alieleza kwamba mtoto ana rem tumboni, yaani maumivu. Mwanafunzi, ambaye alikuwa amejifunza maneno kumi ya Dholuo kwa bidii ya kupendeza, akasikia remo, akaandika mtoto anatoka damu. Mwenzangu alitaka kumkata alama za mawasiliano. Nilikataa. Kutojua Dholuo si upungufu wa uuguzi. Upungufu wake ulikuwa kuandika bila kuhakikisha, na hilo nililiandika. Kesho yake alimwita mama wa kitanda cha jirani amsaidie kutafsiri, akamwomba bibi arudie kwa maneno yake alichoambiwa kuhusu dawa. Nikaandika na hilo.

Jambo jingine dogo la haki: mwanafunzi aliyeshinda wiki mbili akipeleka sampuli maabara na kusukuma mitungi ya oksijeni huwezi kumwambia Ijumaa kwamba hajui kuweka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani. Tuko wachache, wodi imejaa, wanafunzi ni mikono ya bure, najua. Lakini kama hukumpa nafasi, huna cha kupima.

Sasa nije kwenye saini. Miaka yangu ya mwanzo, hospitali ambayo sitaitaja, Ijumaa moja saa tisa mwanafunzi alinijia na kijitabu chake cha taratibu. Kikundi chao kilikuwa kinaondoka, gari la chuo linanguruma nje. Nafasi sita hazikuwa na saini, mojawapo kuweka katheta, yaani mrija wa kutoa mkojo. Alikuwa kijana wa adabu. Nikazisaini zote sita nikiwa nimesimama, kijitabu juu ya ndoo ya sindano zilizotumika. Baada ya miezi kama mitatu mwenzangu wa hospitali nyingine alinipigia simu. Hakunisalimia. Aliuliza tu, "Ni wewe uliyeandika kwamba huyu anaweza kuweka katheta?" Mzee mmoja alikuwa ametoka damu. Alipona, lakini alikuwa ameumia, na jina lililokuwa kwenye kile kijitabu lilikuwa langu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Tangu siku hiyo nasaini nilichoona, na siku niliyokiona. Gari lingurume.

Kumfelisha mtu ni kazi chungu, hasa huku ambako mama yake huenda mnaimba naye kwaya. Kathleen Duffy, mtafiti wa Scotland, aliandika mwaka 2003 kwamba wauguzi wasimamizi walikuwa wakiwapitisha wanafunzi waliokuwa na mashaka nao. Aliye mwanzoni mwa masomo husamehewa kwa kuwa bado atajifunza, na aliye mwishoni kwa kuwa ni vibaya kumkwamisha baada ya safari yote hiyo. Niliposoma hayo nilidhani amekaa kwenye chumba chetu cha chai.

Kilichonisaidia mimi ni kutosubiri wiki ya mwisho. Ukiona tatizo wiki ya kwanza, mwambie wiki ya kwanza, mlango ukiwa umefungwa, na uanze kwa kumwacha aseme yeye ilivyokwenda. Mara nyingi atalitaja kosa mwenyewe kabla yako, na hiyo nayo ni alama yake. Kisha soma kutoka daftarini: "Jumanne, kitanda cha 4, uliandika pumzi 20, mimi nilihesabu 56." Ukimwambia "wewe si makini" atabisha au atalia, lakini 56 haibishiki. Mpangie siku za kurudia, muandike mnachokubaliana, nyote wawili mtie saini. Halafu mpigie mwalimu wake wa chuo mapema, ukiwa bado na wiki mbili au tatu mkononi. Walimu hukasirika wakiambiwa siku ya kufunga, na wana haki.

Kuna wale wa katikati, ambao hujui uwaweke wapi. Kwao mimi hujiuliza swali moja tu: huyu akipangwa zahanati ya huko ndani, peke yake usiku, mvua imekata barabara, nimpelekee mtoto wangu? Nikisita, najua jibu, lakini kusita si ushahidi. Narudi wodini kutafuta kinachonisitisha, namwangalia tena siku mbili, na nikikipata nakiandika. Fomu zetu zina mstari mmoja tu wa maoni. Geuza karatasi, andika nyuma.