Kwa nini pikipiki ya zamani huiacha ya kisasa kwenye barabara yenye kona

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba una pikipiki mpya ya mbio ya sentimita za ujazo 1,000, yenye nguvu za farasi zaidi ya 200, na kwamba kwenye barabara ya milimani uliachwa na mzee aliyekuwa juu ya pikipiki ya miaka ya 1980, hata ukashindwa kumwona tena baada ya kona chache. Unauliza kama injini ile ilikuwa imefanyiwa marekebisho ya siri. Nimeendesha aina zote mbili kwa miaka mingi, yaani BMW R80 ya mwaka 1985 ambayo ninayo hadi leo, na pikipiki ya kisasa ya silinda nne ya daraja moja na yako, kwa hiyo naomba univumilie nijibu kwa urefu. Hapakuwa na haja ya siri yoyote. Katika barabara ya namna hiyo mwendo hauamuliwi na nguvu iliyomo ndani ya injini, bali na kiasi cha nguvu hiyo ambacho mwendeshaji anathubutu kukitumia, na pikipiki ya zamani humruhusu mwenyewe atumie karibu yote iliyo nayo.

Kona haijali farasi. Pikipiki inapozunguka kona kwa mwendo usiobadilika, mwendo wake hutegemea nusu kipenyo cha kona na pembe ambayo pikipiki imelazwa, na mwisho wa pembe hiyo huwekwa na mshiko wa tairi na vyuma vinavyoanza kukwaruza lami. Uzito haumo katika hesabu hiyo, na nguvu ya injini haimo pia. Chukua kona ya nyuzi 90 yenye nusu kipenyo cha mita 30. Anayeipita kwa kilomita 50 kwa saa anahitaji kulala nyuzi 33 hivi kutoka wima, na anayeipita kwa kilomita 57 anahitaji nyuzi 40 hivi. Tairi nzuri ya leo, ikiwa imepata joto na lami ni kavu, inavumilia zaidi ya nyuzi 45, na tairi za namna hiyo zinatengenezwa pia kwa vipimo vya pikipiki za zamani. R80 yangu hutumia tairi ya nyuma ya 120/90-18, yaani yenye upana wa milimita 120, ambayo ukiilinganisha na tairi ya milimita 190 au 200 ya pikipiki za mbio inaonekana nyembamba mno. Lakini tairi pana, kwa kuwa hugusa lami mbali zaidi na mstari wake wa katikati, huilazimu pikipiki ilale zaidi kidogo kwa mwendo ule ule. Upana ule umewekwa kwa ajili ya kuhimili nguvu za farasi 200 wakati wa kutoka kwenye kona, na mtu asiyezitumia nguvu hizo hafaidiki nao sana.

Sasa tuweke kipande cha barabara iliyonyooka cha mita 100 kati ya kona mbili kama hizo. Tuseme wote wawili wanaingia kwa kilomita 50 kwa saa na wanataka kufika kona inayofuata wakiwa wamerudi kwenye mwendo huo, na breki zao zina uwezo sawa wa kupunguza mwendo kwa mita 8 kwa sekunde katika kila sekunde. Pikipiki ya zamani, tuipe uwezo wa kuongeza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde, na ya kisasa tuipe 7. Ya zamani itafikia kilomita 97 kwa saa kabla ya kushika breki na kumaliza kipande hicho kwa sekunde 4.9, ilhali ya kisasa itafikia kilomita 110 na kutumia sekunde 4.5. Tofauti yote ya injini, fedha na teknolojia ya miongo minne imezaa sehemu nne za kumi za sekunde. Rudi kwenye kona ya mita 30: anayeipita kwa kilomita 57 badala ya 50 anaokoa sehemu nne za kumi za sekunde zile zile. Mzee aliyekuacha hakuhitaji kukushinda kwenye kipande kilichonyooka. Ilimtosha kupita kila kona kwa kilomita 10 zaidi yako, na barabara yenye kona mfululizo ilimlipa kila mara.

Utauliza, kwa haki kabisa, kwa nini mwenye pikipiki ya kisasa asipite kona hizo kwa kilomita 57 au 60 naye, halafu aongeze faida ya injini juu yake. Anaweza. Akifanya hivyo ataiacha R80 yangu, na nimeona ikitokea mbele ya macho yangu. Lakini wengi hawafanyi hivyo, na sababu zake si uoga peke yake.

Sababu ninayoipa uzito kuliko zote ni shokapu. Pikipiki ya mbio imetengenezwa kwa uwanja ambao lami yake ni laini na inajulikana kila mita, ndiyo maana shokapu zake za mbele huwa na mwendo wa milimita 120 hivi na hukazwa ili zisizame wakati wa breki kali. Kwenye barabara ya kawaida, yenye viraka, mawimbi yaliyosukumwa na malori na nyufa katikati ya kona, ukazaji huo hulifanya gurudumu liruke badala ya kufuata umbo la barabara, na kila linaporuka hakuna mshiko. Mwendeshaji anayasikia hayo katika viganja vyake, na mwili wake humwambia apunguze mwendo hata kabla akili haijafikiri. BMW R80 G/S ya mwaka 1980, ambayo ni ndugu wa pikipiki yangu, ilipewa milimita 200 mbele na 170 nyuma; ya kwangu haina urefu huo, lakini springi zake ni laini na hukubali kumeza kiraka bila kuipeleka habari hiyo hadi kwenye usukani. Nilipokuwa na pikipiki zote mbili kwa wakati mmoja, niliweza kupita barabara ile ile asubuhi kwa moja na jioni kwa nyingine, na sehemu iliyonitofautia zaidi haikuwa kona zenyewe bali kona zenye lami mbovu. Juu ya R80 nilikuwa naitazama barabara ya mbali; juu ya ile ya kisasa nilijikuta natafuta mahali salama pa kuweka gurudumu la mbele.

Mkao nao una sehemu yake. Usukani uliowekwa chini, uliogawanyika vipande viwili vifupi, hukulaza juu ya tangi na kuupeleka uzito wako kwenye viganja, jambo linalofaa sana ukiwa unakata upepo kwa kilomita 250 kwa saa, lakini kwenye mwendo wa kilomita 60 hakuna upepo wa kukubeba kifua. Mikono iliyobeba uzito haiwezi kuuelekeza usukani kwa ulaini. Usukani mpana na ulioinuka humpa mwendeshaji nguvu kubwa ya kuulaza na kuuinua mtambo kwa msukumo mdogo, shingo haichoki, na kichwa kiko juu kiasi cha kuona juu ya ukingo wa barabara na kung'amua gari linalokuja upande wa pili.

Kuhusu gia nitasema kwa ufupi. Pikipiki nyingi za mbio za sentimita za ujazo 1,000 huvuka kilomita 150 kwa saa katika gia ya kwanza pekee. Honda CBR1000RR-R iliyotoka mwaka 2020 hutoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika, na torki yake ya juu, yaani nguvu ya kusokota, kwenye 12,500. Katika barabara ya milimani huwezi kufika huko kihalali wala kwa akili timamu, kwa hiyo unaishi chini ya nusu ya uwezo wa injini, na kila unapofungua mafuta kwa ujasiri unakuta tayari umefika mahali pa kushika breki. R80 ina nguvu za farasi 50 kwenye mizunguko 6,500, nami huweza kuiacha katika gia ya tatu kutoka kilomita 50 hadi zaidi ya 100 bila kugusa klachi. Mwendo wangu unakuwa sawia, pikipiki haiyumbi kati ya breki na mafuta, na tairi hazipati mishtuko.

Kuna kielelezo kimoja cha hadharani ambacho hunisaidia kuweka mambo katika kiasi chake. Mashindano ya pikipiki ya TT ya kisiwa cha Isle of Man hufanyika kwenye barabara za kawaida zilizofungwa, mzunguko mmoja ukiwa na urefu wa kilomita 60.7. Mwaka 1967 Mike Hailwood, akiwa na Honda ya sentimita za ujazo 500 yenye nguvu za farasi takriban 85, alizunguka kwa wastani wa kilomita 175 kwa saa, na rekodi hiyo ikadumu hadi mwaka 1975. Mwaka 2023 Peter Hickman alizunguka kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa na BMW M 1000 RR, pikipiki yenye nguvu za farasi zaidi ya 200. Nguvu imezidi mara mbili na nusu hivi, tairi, breki na fremu zimebadilika kabisa, na lami yenyewe imetengenezwa upya mahali pengi. Hata hivyo mwendo umeongezeka kwa robo tu. Hao ni waendeshaji bora waliotumia kila kitu walichokuwa nacho, na wana sehemu ndefu zilizonyooka ambako nguvu hulipa. Mtu wa kawaida, katika barabara ya kona fupi, akitumia sehemu ndogo ya nguvu zake, hawezi kuipata hata robo hiyo.

Hata hivyo, sitaki mtu asome maneno haya akaamini kwamba za zamani ni bora. Katika barabara iliyonyooka hakuna mashindano. Katika uwanja wa mbio R80 yangu ingepitwa mzunguko mzima bila huruma. Na kwenye breki, ambako mimi husisitiza zaidi kuliko wengi wanaopenda pikipiki za zamani, tofauti ni ya uhai na kifo. Tuseme kona inakuruhusu kuona mita 60 tu mbele yako, na unahitaji sekunde moja kutambua hatari kabla ya kushika breki. Kwa breki zinazopunguza mita 8 kwa sekunde katika kila sekunde, mwendo wa juu unaokuwezesha kusimama ndani ya mita hizo ni kilomita 86 kwa saa, na kwa breki zinazopunguza mita 6 ni kilomita 77. Hiyo ni kwa pikipiki iliyo wima. Ukiwa umelala kwenye kona, punguza tena. Zaidi ya hayo, pikipiki ya kisasa yenye mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, na unaofanya kazi hata ikiwa imelala, inakusamehe unapobana breki kwa hofu, na R80 yangu haisamehi. Kwa hiyo mimi hupanga mwendo wangu kwa umbali ninaoweza kuuona, na kama mzee uliyemfuata anafanya hivyo, basi kasi yake ilitokana na kuijua barabara na kuutumia upana wote wa njia yake, akiingia kona kutoka ukingo wa nje ili aone mbali, bila kuvuka mstari wa katikati. Kama alikuwa akizama kwenye kona asizoziona mwisho wake, usimfuate hata kidogo, na usijione umeshindwa kitu.

Ukitaka pikipiki yako ya kisasa ifae kwa barabara kama ile, usianze kwa kununua vifaa. Anza na shokapu. Pima zinazama kiasi gani ukiwa umekaa juu na mavazi yako yote. Milimita 30 hadi 40 mbele na nyuma ni kipimo kinachofaa kwa barabara, na nyingi zinapotoka dukani, au zikikaliwa na mwenye mwili mwepesi, huwa chini ya hapo. Legeza springi kwanza, kisha legeza skrubu za kuzuia mwendo wa shokapu hatua moja baada ya nyingine, ukipita sehemu ile ile yenye viraka kila mara, mpaka usukani uache kugonga viganja. Tairi za uwanjani zibadilishe kwa za barabara, kwa sababu za uwanjani huhitaji joto ambalo mwendo wa kihalali hauwezi kuzipa, na tairi baridi ndiyo inayokufanya usiiamini pikipiki kwenye kona ya kwanza. Chagua pia hali ya injini iliyo laini, ile ambayo watu huiweka kwa ajili ya mvua. Utashangaa jinsi unavyofungua mafuta mapema zaidi unapotoka kwenye kona.

Na ikiwa, kama ulivyodokeza mwishoni mwa swali lako, unafikiria kujinunulia ya zamani, kagua kwanza tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa pikipiki nyingi zilizohifadhiwa vizuri huuzwa na tairi zenye nakshi nzuri lakini zilizogeuka ngumu kwa umri. Kisha inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani taratibu: ukihisi kikwazo kidogo katikati, beringi za usukani zimekwisha, na pikipiki hiyo haitashika mstari kwenye kona hadi zibadilishwe. Mipira inayopeleka mafuta ya breki, ikiwa imezeeka, ibadilishe kwa ile iliyofumwa kwa nyuzi za chuma, mimina oili mpya katika shokapu za mbele, na hayo yote yafanye kabla ya kugusa kabureta au kufikiria namna yoyote ya kuiongezea injini nguvu.