Kijana anayelala barazani

SWALI: Kaka, nauza chapati hapa Busia ya Uganda, karibu na mpaka. Kuna kijana wa miaka 16 hivi analala barazani pa kibanda changu. Nikifika alfajiri nakuta ameshafagia na kupasua kuni. Nataka kumchukua nyumbani, mume wangu anasema atatuibia. Nifanyeje? – Mama Chapati

JIBU: Mama, usigombane na mzee kwa hilo, na kumchukua nyumbani kusubiri kwanza.

Mimi nimelala soko la Owino, Kampala, juu ya mabunda ya mitumba, mchana naokota vyuma chakavu. Watu walinipa chapati, hela, hata blanketi, likaibwa usiku uleule. Aliyenitoa ni fundi mageti wa Katwe, hukohuko Kampala. Hakunipeleka kwake. Alinipa brashi ya waya nisugue kutu, jioni akanilipa, kesho yake akaniuliza nimelala wapi. Aliuliza hivyo kila asubuhi mpaka nikachoka kumdanganya.

Huyo kijana tayari anakufanyia kazi. Kama malipo yake ni chapati iliyoungua, hapo wewe ndiye unayesaidiwa. Patana naye ujira, uandike kwenye daftari, naye aone.

Kwa sheria yetu, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo usimfiche. Nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kisha kwa afisa wa probesheni wa wilaya. Huyo ndiye wa kutafuta ndugu zake na kusema akae wapi. Mkizungushwa, piga 116, simu ya Sauti ya watoto, haina malipo. Ila kwanza muulize polepole kwa nini alitoka kwao. Kama alikimbia kipigo, mwambie afisa hivyo hivyo, asije akarudishwa kulekule.

Tena mwenyekiti akishamjua, kazi ya kitambulisho cha taifa inakuwa nyepesi, na umri wa kupewa kadi yake ni huo huo 16. Mimi nilipotafuta muzigo, yaani chumba cha kupanga, hela ya kodi nilikuwa nayo mfukoni. Mwenye nyumba hata hakuitazama. Aliuliza, "Nani anakujua hapa?" Fundi wangu akaja na grisi mikononi, akatia sahihi, karatasi ikabaki na alama za vidole vyake.

Mzee naye asikae pembeni. Mwombe yeye ndiye ampeleke kijana kwa mwenyekiti, aseme kwa mdomo wake anafanya kazi kwenu. Habari ya wizi mtaizungumza wakirudi.