Maswali ya Wasomaji: Wikiendi ya Wawili na Simu Moja

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, wanandoa na wachumba wanaotoka siku mbili tatu na wanataka picha nzuri za wao wawili. Nimechagua chache, nyingine zilikuwa zinauliza hayohayo.

Swali: Dada habari za kazi. Mi na mume wangu tuko Dar, mwezi ujao tunaenda Unguja na boti ya Ijumaa tunarudi Jumapili. Nimeandika listi ya sehemu za picha: Mji Mkongwe, Changuu, Nungwi, Paje, Jozani, mashamba ya viungo. Mume anasema hiyo ratiba ni ya wiki nzima. Kamera hatuna, tuna simu tu. Halafu kitu kingine, mbona tukipiga nje kwenye ukuta mweupe sura zetu zinatoka nyeusi tii wakati ukuta unawaka? *Bi Harusi wa Juzi, Mbezi*

Jibu: Mdogo wangu, kwenye ratiba namuunga mkono shemeji. Angalia ramani, Mji Mkongwe uko magharibi, Paje iko mashariki, Nungwi iko juu kabisa kaskazini, na boti yenyewe toka Dar inakula kama saa mbili, sasa ukizifuata zote hizo mchana wako unaishia kwenye gari na kila mahali unafika jua likiwa baya. Kwa siku mbili chukua Mji Mkongwe na ufukwe mmoja, basi. Picha nzuri haitokani na wingi wa sehemu, inatokana na kukaa sehemu moja mpaka mwanga wake uje. Hili nalisema kila mwaka kwenye safu hii na nitaendelea kulisema.

Mji Mkongwe unatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama baharini mbele yako ukiwa bustani ya Forodhani. Mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na dakika kama 10 na saa 12 na dakika 45 hivi jioni, na huku kwetu karibu na ikweta likishazama giza halichelewi, una dakika ishirini na kitu za lile anga la rangi ya zambarau halafu usiku. Fikeni saa 11, mkae, mle urojo, mwangalie vijana wa makachu wanavyoruka baharini, picha zitakuja zenyewe. Simameni ubavu kwa jua, sio kulipa mgongo moja kwa moja, labda kama mnataka vivuli vyenu tu.

Mchana ndo wengi wanapoharibu. Jua la utosi linachimba vivuli chini ya macho na pua na hakuna filta inayorekebisha hilo vizuri. Mchana ingieni vichochoroni. Kule njia ni nyembamba na nyumba ni ndefu, jua linapiga ukuta wa juu upande mmoja linarudi chini kwenu likiwa limeshalainika, ni mwanga ambao watu wa studio wanaulipia hela nyingi na nyie mnaupata bure saa saba mchana. Simameni kwenye kivuli hatua moja mbili kutoka pale jua linapoishia, tazameni upande wenye jua. Milango ya kuchonga yenye vishikizo vya shaba inapendeza sana nyuma yenu ila mlango ni wa nyumba ya mtu, kuna familia humo ndani, pigeni hodi au muulizeni aliyekaa barazani, na mtu akitaka kupita mpisheni.

Hili la sura kuwa nyeusi, kwanza ujue kasoro sio yenu. Simu inapima mwanga wa picha nzima, ikiona ukuta mweupe umejaa inadhani kumezidi mwanga inapunguza, na nyie mnapunguzwa humohumo. Bonyeza kwenye sura ushikilie mpaka ijifunge, halafu vuta juu kale kajua kadogo kanakotokea kwenye kioo mpaka ngozi ionekane ilivyo, ukuta ukiungua kidogo sawa tu. Au uache ukuta mweupe, tafuta mlango wa mbao au ukuta wa mawe uliochakaa. Tatizo hili lina historia na inaniuma kila nikiikumbuka. Enzi za filamu, maabara zilizotumia filamu za Kodak zilikuwa zinasawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi hizo zikaitwa Shirley, ngozi zetu hazikuwemo kwenye hesabu. Na filamu zilipokuja kuboreshwa kuona rangi za kahawia, sehemu kubwa ya msukumo ilikuwa ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani za mbao. Simu za siku hizi zimejitahidi kiasi, ila bado usiiachie simu ikuamulie rangi yako na ya mumeo.

Kwenye ufukwe, kabla hujalipia chumba Paje angalia maji. Pwani ya mashariki bahari ikipwa inakimbia mbali mno, na siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kufika kama mita 4. Kama ndoto yako ni maji ya bluu magotini halafu ukafika limepwa utalia. Ila mi napenda zaidi likiwa limepwa, ule mchanga wenye unyevu unaakisi anga lote, mkienda alfajiri jua linachomoza baharini mbele yenu. Akinamama wa mwani huwa kazini maji yakipwa, usiwapige picha kama vile ni mapambo ya nyuma yako, salimia, omba, akikataa amekataa. Nungwi maji hayaendi mbali kihivo, kama unataka kuogelea muda wowote nenda huko.

Na kuna sehemu moja sitaki muende na mapozi. Pale Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, kuna mnara wa kumbukumbu, sanamu za watu watano zimesimama shimoni na minyororo shingoni. Nimeona wapenzi wanakumbatiana pale wakicheka na kamera. Nendeni, someni, mpige picha ya mnara wenyewe kama mnataka, ila za mapenzi zina mahali pengine pengi mjini humo.

Swali: Sasa dada. Mimi na mzee wangu tunatoka Nairobi na SGR kwenda Mombasa siku tatu, watoto tumewaacha kwa nyanya yao. Shida ni kwamba huyu mwanaume hapendi picha kabisa. Nikitoa simu anakunja uso, halafu tunakosana, safari ya mwisho tulinuniana hadi chakula cha jioni. Nataka tu picha zetu wawili, tumekaa miaka mingi na hatuna. *Mama Wawili, Umoja*

Jibu: Dadangu pole, na barua kama yako napata nyingi kuliko za aina nyingine yoyote. Kwa nilivyowaona wanaume wengi, picha zenyewe haziwasumbui, wanachochoka ni kusimamishwa. Simama hapa, geuka, kunja mkono, tabasamu, hapana si hivyo, rudia. Hata mimi ningenuna.

Mpe kitu cha kufanya. Fort Jesus ni pazuri kwa hili kwa sababu kuna mambo ya kuangalia, Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kuna mizinga, kuna kuta nene za matumbawe zenye rangi ya udongo, kuna sehemu unaona bahari na jahazi zikipita. Mwambie asome, aeleze, atembee, wewe weka simu kwenye stendi ndogo au juu ya ukuta, bonyeza taima ya sekunde 10 kwa zile picha mfululizo, halafu nenda ukatembee naye. Usimwambie angalia kamera. Mkiwa mnaongea mnatembea kuelekea kwenye simu, katika picha ishirini utapata mbili ambazo anacheka kwa kitu ulichosema wewe, na hizo ndo za kuweka sebuleni. Nenda asubuhi, upande wa baharini unapata jua laini la mashariki. Jioni shukeni Mji wa Kale mkanywe kahawa tungu na halua, mpige mikono yake na kikombe, mpige akiongea na muuza kahawa. Picha ya mtu si lazima iwe uso wote unatazama mbele.

Na mpatane muda. Mwambie kabisa, mzee, nipe saa moja asubuhi na nusu saa jioni, baada ya hapo simu inaingia kwa mkoba. Halafu utimize. Ukitimiza siku ya kwanza, siku ya pili yeye mwenyewe atakuuliza leo tunapiga wapi. Ingine, mpe simu na yeye akupige wewe, na ata kama amekukata miguu usimkosoe hapohapo, mwonyeshe ile uliyoipenda umwambie umeipenda kwa nini. Zile sanamu za Pembe za ndovu za Moi Avenue kama mnazitaka nendeni Jumapili mapema kabla magari hayajajaa, na msisimame katikati ya barabara tafadhali.

Swali: Assalamu alaykum dada. Sisi ni watu wa Mombasa tunaishi Leicester, Disemba tunaenda Paris usiku mbili kusherehekea nikaha yetu. Nani atatupiga picha pale Eiffel? Naogopa kumpa mtu simu. Na ni kweli kuposti picha za Eiffel usiku ni kosa? *Bwana na Bibi, Leicester*

Jibu: Waalaykumu ssalam, na Allah awabarikie nikaha. Disemba Paris jua linachomoza kama saa 2 na dakika 40 asubuhi na linazama karibu saa 11 jioni. Mwezi wa sita mngekuwa na jua mpaka karibu saa 4 usiku, saizi mna mchana mfupi sana, pangeni kwa huo. Wengi wanakimbilia Trocadéro alfajiri, ila Disemba jua linachomoza kusini mashariki, yaani nyuma ya mnara ukitazama toka hapo, mnara unatoka kivuli na nyie pia. Kama mnapenda kivuli sawa. Kama mnataka nyuso zenu zionekane nendeni Trocadéro jioni, au mchana mwende daraja la Bir-Hakeim, zile nguzo za chuma zinawapa fremu nzuri na watu ni wachache.

Mtu wa kumpa simu, tafuteni wapenzi wengine au familia nao wanajipiga, waombeni mwapige nyie kwanza halafu wawapige nyie, anayesubiri picha zake hana haraka ya kukimbia. Kabla hujampa, piga mwenzio akiwa amesimama pale, mwonyeshe, mwambie nataka hivihivi na mimi nikiwa kando yake. Usimpe mtu aliyekuja mwenyewe kujitolea.

Kuhusu taa, mpangilio wa taa za usiku una hakimiliki kama kazi ya sanaa, mnara wenyewe wa 1889 hauna shida. Picha zenu binafsi za usiku hazina tatizo, wanaotakiwa kuomba ruhusa ni wanaozitumia kibiashara. Giza likishaingia, kila saa kamili ikigonga mnara unametameta dakika 5, wekeni simu tayari kwenye stendi kabla, mzime flashi.

Swali: Naweza kwenda na droni Zanzibar? Hoteli wamesema hakuna shida. *Kaka wa Tanga*

Jibu: Kaka, mtu wa hoteli hatoi kibali. Tanzania kurusha droni kunahitaji ruhusa, anzia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Kenya ni KCAA. Kama hujaanza kufuatilia mapema iache nyumbani, na hata kwa simu tu usipige picha za kambi za jeshi wala vituo vya polisi.

Swali: Tumerudi kutoka Kilwa Kisiwani na picha tamu sana, nikachapisha moja kubwa imetoka ukunguukungu. Kwenye simu iko safi. Tatizo printa? *Mchumba wa Mtu, Lindi*

Jibu: Nina hakika ulitumiwa na mchumba kwa WhatsApp. Inabana picha ili isafiri haraka, kwenye kioo cha simu huoni ila kwenye karatasi kubwa inaonekana. Mwambie akutumie tena ile ya asili kama dokyumenti, sio kama picha, na afanye hivyo kabla hajaifuta kwenye simu yake. Google Photos nayo inatoa GB 15 tu za bure, na hizo unagawana na Gmail na Drive, kwa hiyo zile mnazozipenda ziwekeni pia kwenye flashi au diski. Kwa saizi ya inchi 4 kwa 6 picha ya pikseli 1200 kwa 1800 inatosha, ukitaka ya ukutani inabidi iwe kubwa zaidi ya hapo, muulize mwenye studio kabla hujalipia.