Kaunti ya Kenya si halmashauri yetu

Ndugu yangu, umeuliza kama kaunti ya Kenya ni sawa na halmashauri yetu hapa Tanga, na jibu ni kwamba hazilingani. Hapa kwetu meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na mkurugenzi wa jiji huteuliwa na Rais. Kule, tangu uchaguzi wa 2013 uliofuata Katiba ya 2010, kila moja ya kaunti 47 ina gavana aliyepigiwa kura na wananchi wenyewe, pamoja na bunge lake dogo la wawakilishi wa wadi, ambalo hupitisha bajeti, hutunga sheria na huidhinisha mawaziri wa kaunti anaowapendekeza gavana.

Kuhusu huduma, ukivuka mpaka pale Horohoro ukaingia Lunga Lunga, upande wa Kenya, zahanati, soko, maji na barabara ndogo ni kazi ya Kaunti ya Kwale. Shule ndiyo huwachanganya wengi, nami naona inafaa kuangaliwa kwa makini: katika uwanja mmoja wa shule, mwalimu wa chekechea ni wa kaunti, ilhali mwalimu wa darasa la kwanza, mlango wa pili tu, huajiriwa na tume ya taifa ya walimu. Polisi nao ni wa taifa.

Fedha nyingi za kaunti hutoka serikali kuu, na Katiba inataka mgawo wa kaunti zote kwa jumla usipungue asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali hiyo; kinga hiyo ya kikatiba halmashauri zetu hazina, na ningependa sana tuizungumzie.